Fomula Nimezikariri Zote, Mbona Maswali ya Kani Yananishinda?

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Nimetoka kufunga daftari kwa hasira sasa hivi, kwa hiyo unisamehe maneno yakiwa mengi.

Huu ni mwaka wangu wa kwanza kusoma fizikia kwa kina. Sura ya vipimo ilipita bila shida. Ya mwendo kwenye mstari mnyoofu nilijikongoja nayo hadi nikaimaliza. Tulipoingia kwenye kani na kanuni tatu za Newton, maji yakanifika shingoni, na mpaka leo hayajashuka.

Usidhani sisomi. Fomula zote nimeziandika kwenye karatasi moja nikaibandika ukutani juu ya kitanda. Kani ni tungamo (zile kilo za kitu) mara mchapuko (kiasi mwendo unavyobadilika kila sekunde). Uzito ni tungamo mara g, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka. Msuguano ni namba ya msuguano mara kani ya sakafu. Hata ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia zote. Kila jioni napitia maswali ishirini, siku nyingine thelathini. Nasoma swali, natazama lilivyofanywa nyuma ya kitabu, naona nimelielewa, naenda la pili. Lakini nikikutana na swali ambalo halina majibu nyuma, mkono unaganda.

Nikupe la jana. Sanduku la kilo 20 limekaa kwenye sakafu iliyo sawa. Linavutwa kwa kamba yenye kani ya nyutoni 100, na kamba imeinuka nyuzi 30 kutoka usawa wa sakafu. Namba ya msuguano ni 0.3, na g ni 9.8. Tafuta mchapuko wa sanduku.

Mimi nilifanya hivi. Uzito ni 20 × 9.8 = 196. Msuguano ni 0.3 × 196 = 58.8. Sehemu ya kamba inayovuta mbele ni 100 × kosaini ya 30 = 86.6. Nikatoa msuguano, nikabaki na 27.8. Nikagawanya kwa 20, nikapata 1.39. Kitabu kinasema 2.14! Nimerudia mara sita. Nimeazima hata kalkuleta ya mwenzangu nikidhani yangu imeharibika. Ni 1.39 ile ile.

Yapo na mengine mawili yanayonikosesha usingizi. Mpira ukirushwa juu, pale kileleni unaposimama, mimi nasema kani imekwisha, maana umesimama. Nimewekewa kosa. Na ile kanuni ya tatu, kwamba kila kani ina mwenzake aliye sawa naye na aliye kinyume naye: kama ni hivyo, si zingefutana kila mara, na pasiwe na kitu chochote kinachosogea duniani?

Mwalimu wetu aliniambia mbele ya wenzangu kwamba wengine hatukuumbiwa somo hili. Kaka yangu anashauri nichague masomo mengine mapema kabla sijapoteza mwaka. Nataka ukweli, Mwalimu. Ni kichwa changu ndicho kibovu, au kuna kitu sijaambiwa?

Mimi mwanao,
Niliyekwama

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Kuna kitu hujaambiwa. Hesabu yako nimeipitia mstari kwa mstari. Kuzidisha umezidisha sawasawa, kosaini ni hiyo hiyo, kalkuleta yako ni nzima na ya mwenzako ni nzima. Kosa ni moja tu, nalo limejificha kwenye mchoro ambao hukuuchora. Barua yako nimeipindua mbele na nyuma nikiutafuta, sikuuona.

Tuuchore pamoja. Chukua karatasi tupu. Chora kisanduku kidogo katikati, peke yake, kikielea hewani. Usichore sakafu. Usichore mtu anayevuta. Sanduku tu. Sasa jiulize: ni vitu gani vinaligusa sanduku hili? Kila kinacholigusa kinaweza kulisukuma au kulivuta, na kisicholigusa hakina la kulifanya. Mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kuvuta bila kugusa, naye ni dunia yenyewe. Mpaka siku utakapofika kwenye sumaku na umeme, hakuna mwingine.

Kamba inaligusa. Mshale wa kwanza, unaelekea mbele na juu kwa nyuzi 30, nyutoni 100. Sakafu inaligusa, na sakafu hufanya kazi mbili kwa mpigo: inalisukuma juu, na inalikwaruza kwa nyuma. Hiyo ni mishale miwili, na hakuna hata mmoja ambao tumeshajua ukubwa wake. Kisha dunia, mshale wa kwenda chini, nyutoni 196. Jumla minne. (Hewa nayo inaligusa, lakini kwa mwendo mdogo kama huu tunaiacha, na kitabu kimeiacha pia.)

Sasa itazame mishale ya wima peke yake, ule wa mbele uusahau kwa dakika moja. Chini kuna 196. Juu kuna sakafu. Na juu kuna nani mwingine? Kamba! Kamba yako imeinuka, na kamba iliyoinuka haivuti mbele tu, inanyanyua pia. Sehemu yake ya kwenda juu ni 100 × saini ya 30, yaani nyutoni 50. Sanduku haliruki wala halizami, kwa hiyo mishale ya wima inalingana. Sakafu inabeba 196 − 50 = 146. Basi msuguano ni 0.3 × 146 = 43.8. Mbele kuna 86.6, nyuma kuna 43.8, zinabaki 42.8. Gawanya kwa 20. Ni 2.14.

Umeona ulipoangukia? Ukutani kwako umeandika kwamba msuguano ni namba ya msuguano mara kani ya sakafu, na hilo ni kweli tupu. Lakini moyoni umeongeza fomula ambayo hakuna aliyekufundisha: kwamba kani ya sakafu ni uzito. Umekutana nayo kwenye maswali kadhaa ya mwanzo, ikatoa majibu sahihi, ukaifanya sheria. Sheria si hiyo. Ni matokeo ya hali moja, pale ambapo sakafu ni sawa, hakuna anayenyanyua wala anayekandamiza, na sakafu yenyewe haiongezi wala haipunguzi kasi ya kupanda au kushuka. Sakafu haijui uzito wa kitu. Inasukuma kiasi cha kutosha tu kitu kisiizamie.

Kama bado una shaka, tafuta mizani ya kupimia watu, iweke karibu na meza, panda juu yake. Soma namba. Sasa weka viganja vyako mezani na uikandamize meza taratibu. Namba inashuka mbele ya macho yako. Hujapungua hata gramu, na dunia inakuvuta vile vile kama mwanzo. Ila sasa meza inakubeba kidogo, na mizani imebakiziwa kilichosalia. Mizani haijawahi kupima uzito wako hata siku moja. Inachopima ni kani inayokusukuma nayo kwenda juu, na siku nyingi hizo mbili hulingana, ndiyo maana tunadanganyika.

Ipo njia nyingine ambayo ingekuokoa jana hata bila mchoro, nami naipenda sana: peleka swali kwenye ukingo. Tuseme kamba haikuinuka nyuzi 30, imeinuka 90, inavuta wima kabisa. Sakafu inabeba kiasi gani? Hata asiyesoma fizikia atajibu: 196 toa 100, ni 96. Na ukivuta wima kwa 196, sakafu haibebi kitu. Kwa njia yako ya jana, sakafu ingeendelea kubeba 196 hata sanduku likiwa linaning'inia hewani. Jibu likikataa kuwa la maana kwenye ukingo, na katikati halifai, hata kama linaonekana zuri.

Kabla hatujaliacha sanduku, nikuonyeshe kitu ambacho kitabu chako huenda hakikukisema. Vuta kamba hiyo kwa usawa, bila kuiinua kabisa: msuguano ni 58.8, mchapuko ni 2.06. Iinue nyuzi 30: 2.14. Umepoteza sehemu ya mvuto wa mbele, na bado sanduku linachapuka zaidi, kwa sababu umelipunguzia sakafu mzigo. Kwa namba ya msuguano ya 0.3, pembe inayotoa mchapuko mkubwa kuliko zote ni karibu nyuzi 17, nao unafika karibu 2.28. Mtu aliyewahi kuburuta mzigo mzito anajua kuinua kamba kidogo bila kufundishwa na yeyote. Mikono yake inaijua fizikia hii, na kazi yako ni kuifikisha hapo kwenye karatasi.

Tuje kwenye mpira.

Hapa nataka tuzungumze kuhusu lugha kwanza, maana Kiswahili chetu kina mtego mmoja mtamu. Tunasema "mtoto ana nguvu", "jiwe limekuja kwa nguvu", "mpira umeishiwa nguvu". Nguvu kwetu ni kitu anachokuwa nacho mtu, ndani yake, kama maji ndani ya mtungi, na ukikitumia kinapungua. Waliotuwekea neno *kani* kwenye vitabu vya fizikia walitufanyia hisani kubwa, kwa sababu kani haikai ndani ya kitu. Hakuna kitu *kilicho na* kani. Kani ni jambo linalopita kati ya wawili, huyu anamsukuma yule, na wakiachana limekwisha. Mkono wako uliusukuma mpira kwa kani wakati ule tu ulipougusa. Ulipouachia, mkono umetoka kwenye hesabu. Mpira ukiwa hewani unaguswa na nani? Na hewa tu, ambayo tunaiacha. Anayebaki ni dunia, inayouvuta chini wakati unapanda, wakati uko kileleni, wakati unashuka, kwa kani ile ile.

Kwa hiyo kileleni kilichofika sifuri ni kasi. Mchapuko ni 9.8 kwenda chini, vile vile kama sekunde moja kabla. Fikiria ingekuwa kama ulivyojibu: kasi sifuri, kani sifuri. Nani angeuambia mpira urudi? Ungening'inia pale pale juu mpaka leo.

Wala usione haya kwa kosa hilo. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifundisha kwamba kitu hakiendi bila kinachokisukuma, na wasomi wakaishi na wazo hilo, au na jamaa zake, kwa karibu miaka 2000. Galileo, mwanasayansi wa Italia, alibingirisha mipira kwenye mbao zilizoinama mpaka akaona kwamba swali lenyewe limekaa vibaya, akachapisha aliyoyaona mwaka 1638. Newton akaliweka kama sheria mwaka 1687. Kinachohitaji kani ni *kubadilika* kwa mwendo: kuongeza kasi, kupunguza, kukata kona. Kuendelea tu hakuhitaji chochote. Chombo cha Voyager 1 kilirushwa mwaka 1977, na huko nje ya sayari zote kiliko hakuna injini inayokisukuma mbele. Bado kinakwenda karibu kilomita 17 kila sekunde. Wewe umepewa wiki chache kuvuka mahali ambapo wasomi walikaa karne ishirini.

Hili la kani na mabadiliko ya mwendo ndilo hasa litakalokupa shida kwenye maswali ya lifti, nawe ukifika huko ukumbuke. Mtu wa kilo 60 amesimama kwenye mizani ndani ya lifti. Dunia inamvuta kwa 60 × 9.8 = 588. Lifti inaanza kupanda, inachapuka juu kwa 2: lazima mshale wa juu uuzidi wa chini kwa 60 × 2 = 120, basi mizani inamsukuma kwa 708. Lifti ikishashika mwendo wake na kwenda bila kubadilika, mizani inarudi 588, hata lifti iwe inapaa kwa kasi gani. Kisha inakaribia ghorofa inakokwenda na kuanza kupunguza mwendo, 2 tena. Bado inapanda, lakini mchapuko wake umeelekea chini, na mizani inamsukuma kwa 468 tu. Wengi huteleza kwenye hiyo ya mwisho, kwa sababu macho yao yako kwenye upande lifti inakokwenda. Macho yako yawe kwenye upande mwendo unakobadilikia.

Sasa kanuni ya tatu. Swali lako ni zuri, na nasikitika kama uliliuliza darasani likapuuzwa. Ni kweli kani na mwenzake ni sawa na ziko kinyume. Lakini haziangukii kitu kimoja. Punda anauvuta mkokoteni mbele, mkokoteni unamvuta punda nyuma. Ya kwanza iko kwenye mchoro wa mkokoteni. Ya pili iko kwenye mchoro wa punda. Huwezi kuzitoa moja kwa nyingine, sawa na ambavyo huwezi kulipa deni lako kwa pesa zilizo kwenye mfuko wa jirani. Mkokoteni unasogea kwa sababu punda anauvuta kuliko ardhi inavyoukwamisha. Punda naye anasogea kwa sababu anaisukuma ardhi nyuma kwa kwato, na ardhi inamsukuma mbele kuliko mkokoteni unavyomvuta nyuma. Michoro miwili, hesabu mbili.

Ndiyo maana nakuandama na kisanduku kilicho peke yake. Kila ukiandika kani, iambatanishe na majina mawili: nani anasukuma, nani anasukumwa. Asiyekuwa yule uliyemchagua kumchora, kani inayomwangukia haikuhusu. Jaribu hapa: masanduku mawili yamefungwa kwa uzi juu ya meza isiyo na msuguano, la mbele kilo 3, la nyuma kilo 2, na unalivuta la mbele kwa nyutoni 10. Uzi unavuta kiasi gani? Wanaokimbilia fomula husema 10, kwa sababu ndiyo namba wanayoiona. Yachukue yote mawili kama kitu kimoja: 10 gawanya kwa 5, mchapuko ni 2. Kisha lichore la nyuma peke yake. Nani analigusa na kulivuta mbele? Uzi tu. Basi uzi ni 2 × 2 = nyutoni 4. Lichore na la mbele: 10 mbele, 4 nyuma, 6 inabaki, gawanya kwa 3, ni 2. Hesabu imefunga. Hakuna fomula ya uzi, wala huihitaji.

Kuhusu tungamo na uzito nitasema kwa kifupi, maana barua yako inaonyesha unavitofautisha, ila ulimi ndio utakaokuponza. Mtaani tunaulizana "una uzito wa kilo ngapi", na hakuna ubaya. Kwenye daftari, kilo ni tungamo, uzito ni kani na kipimo chake ni nyutoni. Mtu yule wa kilo 60 akiwa mwezini, ambako g ni karibu 1.62, uzito wake ni takriban nyutoni 97, na kilo zake ni 60 zile zile. Kumsukuma aanze kwenda ni kazi ile ile. Na ukitaka kuona tungamo likijifuta lenyewe kwenye hesabu ya kuanguka, mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliangusha nyundo na unyoya mwezini, ambako hakuna hewa, vikafika chini pamoja.

Vipimo andika kila mstari. Mwaka 1999 Marekani ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kilipofika kwenye sayari ya Mirihi, kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya pauni na nyingine ikazisoma kama nyutoni. Waliokitengeneza walikuwa mafundi wakubwa, na hesabu zao hazikuwa na kosa la kuzidisha.

Nirudi kwenye jioni zako, kwa sababu naona humo ndimo mwaka wako unamopotelea. Maswali thelathini kwa kutazama yalivyofanywa ni sawa na kumtazama mtu akiogelea mara thelathini. Unatoka pale ukiwa mkavu. Ile hisia ya "nimeelewa" ni ya kweli, ila umeelewa njia ya mtu mwingine akiwa amekushika mkono. Fanya manne tu. Funika majibu kwa karatasi. Chora kisanduku, taja vinavyokigusa, weka mishale, kisha andika kwa Kiswahili cha kawaida, kabla ya namba yoyote, unachodhani kitatokea: "litakwenda mbele polepole kwa sababu msuguano unakaribia kani ya kamba." Ndipo ushike kalkuleta. Ukikwama kaa na kukwama kwako robo saa nzima, na usifunue. Hiyo robo saa inakuuma, najua, lakini humo ndimo unamosoma fizikia.

Na ukikosea, usifute. Chora mstari, andika chini yake sentensi moja ya kwa nini. La jana lingesomeka: "nilisahau kwamba kamba iliyoinuka inanyanyua." Baada ya mwezi soma sentensi zako zote. Nimesahihisha madaftari mengi, na kwa mwanafunzi mmoja makosa huwa ni matatu au manne yanayojirudia kwa nguo tofauti. Ukiyajua yako kwa majina, utayaona yakija.

Ile karatasi ya ukutani, iteremshe. Irudishe baada ya wiki mbili ukiwa umeandika juu yake, kwa herufi kubwa kuliko fomula zote: NANI ANAKIGUSA?

Kwa mwalimu wako sina la kusema mbele yako, ila kauli ile usiichukue. Mtu asiyeumbiwa somo hili hasumbuliwi na kanuni ya tatu mpaka akose usingizi. Anaiandika, anapata alama, anaisahau. Wewe uliona kwamba ikisomwa vibaya haiwezi kuwa kweli, ukadai maelezo. Kaka yako anakupenda na anakuonea huruma, mwambie akupe muhula mmoja wa maswali manne kila jioni kabla hamjaongea tena habari ya kubadilisha masomo.

Kazi yako ya leo ni sanduku lile lile, kilo 20, sakafu ile ile ya 0.3, nyutoni 100, nyuzi 30. Safari hii hakuna kamba. Umesimama nyuma yake na unalisukuma kwa fimbo inayoelekea mbele na *chini*. Chora kwanza. Andika kwa maneno kama mchapuko utakuwa mkubwa au mdogo kuliko 2.14, na kwa nini. Kisha kokotoa. Ukipata 0.64 niandikie. Ukipata namba nyingine niandikie pia, na mchoro wako uuambatanishe.